Kiti cha Mwenye Boga

Krismasi ya mwaka ule iliingia dukani tarehe tatu Septemba, Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, imebebwa na vijana wanne ndani ya maboksi. Mfagizi wa duka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipokea, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifagia. Miti ya plastiki ilipukutisha majani ya plastiki. Theluji ya pamba ilinyofoka kila mtoto alipoishika. Kibaya kuliko vyote kilikuwa lile vumbi la kumetameta, ambalo saa nne lilikuwa kwenye nyusi zake, saa saba lilikuwa kwenye chakula chake, na jioni mumewe alipomwona mlangoni alisema, "Aisee, kumbe nimeoa nyota."

"Nyota ina njaa," alijibu. "Nipishe."

Meneja wa duka, kijana wa suti ya kubana ambaye hakuna aliyewahi kumwona amechoka, aliwagawia wafanyakazi wote kofia nyekundu. Mlinzi wa mlangoni alijaribu kujitetea.

"Bosi, hiki kichwa tayari kina kofia ya kampuni."

"Vaa juu yake."

Basi mlinzi akawa na kofia mbili, na kuanzia siku ile aliitwa Ghorofa. Wimbo mmoja wa kengele ulipigwa kwenye vipaza sauti mara thelathini na moja kabla ya saa sita. Ghorofa alihesabu, maana wateja walikuwa wachache na hakuwa na kazi nyingine. Watu waliingia kununua sabuni, wakaitazama ile miti, wakatazama simu zao kuhakikisha tarehe, wakaondoka na sabuni yao.

Mfagizi alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na tisa kati ya hiyo ameisimama dukani. Ninasema ameisimama kwa sababu ndivyo ilivyo. Karibu na chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na tangazo lililosema: MFANYAKAZI ALIYEKETI NI MTEJA ALIYEPOTEA. Miguu yake ilianza kuvimba saa tisa kila siku, na saa kumi na moja viatu vilikuwa vimebana kama vya mtu mwingine.

Sasa hapa lazima nieleze habari za boga, la sivyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu alikuja kuhatarisha kazi yake kwa ajili ya kiti.

Watu wa mtaa ule walikuwa na vishamba kando ya reli, kila mtu na kipande chake kisichozidi chumba cha kulala. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, walikusanyika ukumbini na kupima walichovuna. Siku hiyo waliiita Siku ya Mavuno. Nyanya zilishindana na nyanya, kabeji na kabeji, lakini kilichowatoa watu nyumbani hasa kilikuwa maboga. Mwenye boga zito kuliko yote alikalia kiti cha mbao ngumu chenye mgongo mrefu, na tangu anakaa mpaka jua linazama hakutumwa na mtu. Yeye, kinyume chake, aliweza kumtuma yeyote, awe mkubwa, awe mdogo. Kiti hicho, ambacho mwaka mzima kilikaa ukumbini, kilitengenezwa na marehemu baba mkwe wa mfagizi, na majina ya washindi wote yalichongwa chini yake, mahali ambapo hayaonekani mpaka uiname.

Mfagizi alishindana miaka kumi na mmoja na hakukikalia hata mara moja. Mwaka uliotangulia alishindwa kwa nusu kilo tu na Fundi Saa, bwana mwenye kibanda cha kutengeneza saa na tumbo la kutangulia. Siku nzima Fundi Saa alimtuma maji. Alimtuma mara saba, na mara ya saba glasi ya sita ilikuwa bado imejaa.

Mwaka huu alikuwa na boga ambalo watu walipita relini makusudi kulitazama. Alilipa jina la Bosi.

"Kwa nini Bosi?" Ghorofa alimuuliza.

"Linakaa kutwa, linaletewa maji, na linanenepa."

Ghorofa alicheka mpaka kofia ya juu ikaanguka.

*

Mama mkwe wa mfagizi alikuwa mpimaji wa Mavuno kwa miaka ishirini na sita. Mizani ilikuwa yake na ufunguo wa ukumbi ulikuwa wake. Aliuvaa shingoni kama wenzake wanavyovaa mkufu. Wiki ya tatu ya Septemba alikwenda ukumbini kutoa buibui, ufunguo ukakataa kuingia. Kulikuwa na kufuli jipya. Akachungulia dirishani, akaona miti ya plastiki mia tatu imesimama humo gizani, imekaza macho, inamsubiri.

Alikwenda moja kwa moja dukani na mkoba wake mkononi.

"Mwanangu, umefunga ukumbi wetu."

"Shikamoo, bibi," alisema meneja, ambaye adabu hakukosa. "Ukumbi mlitukodisha wenyewe." Akatoa karatasi kwenye droo. "Saini hii ni ya nani?"

"Ni yangu. Nilikupa ukumbi kwa ajili ya Krismasi."

"Ndiyo hii."

"Hii ipi?"

Meneja alinyoosha mkono kuonyesha miti, taa, na Ghorofa na kofia zake.

"Leo ni tarehe kumi na tisa Septemba," alisema mama mkwe.

"Kwenye karatasi hakuna tarehe, bibi. Imeandikwa kwa ajili ya Krismasi. Hukuuliza ni lini."

"Baba, tangu nizaliwe sijasikia mtu akiuliza Krismasi ni lini!"

Keshia mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mama mkwe hakucheka. Mwanamke aliyepima kila kitu kwa miaka ishirini na sita, mpaka pilipili moja moja, alikuwa ameweka saini bila kupima, na hilo lilimchoma. Akavaa miwani yake, akaisoma ile karatasi upya kuanzia juu, kidole kikifuata mstari, mpaka akafika chini kabisa.

"Na huu mstari wa mwisho?" aliuliza. "Nilikuambia uuandike kwa mkono wako. Siku ya Mavuno, ukumbi na kiti ni vya wenyewe."

"Ni kweli, niliandika. Hiyo siku yenu ni lini?"

"Hukuuliza," alisema mama mkwe.

Meneja akacheka, kwa sababu alikuwa kijana na alidhani ameshinda. "Bibi, hata ingekuwa kesho, miti mia tatu nitaipeleka wapi? Mle ndani hata paka hageuki."

"Na kiti?"

"Kiti tunakileta hapa dukani, tuna kazi nacho. Mkikitamani, njooni mkione. Mlango wa duka haufungwi mchana."

"Tuje tu?"

"Njooni hata ukoo mzima. Mradi mkitoka mnunue kitu."

"Haya, baba," alisema mama mkwe, akaikunja nakala yake ya karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba, akaubana.

*

Wiki ya pili ya Oktoba kililetwa kiti cha enzi. Kilikuwa cha dhahabu tupu, kina mto mwekundu, kikawekwa juu ya jukwaa lenye pamba, katikati ya duka, na kamba ya kuzuia watu. Meneja alitangaza kwamba Baba Krismasi ataanza kukikalia Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na watoto ambao wazazi wao wamenunua vya kutosha watapiga naye picha. Mpaka siku hiyo, marufuku mtu yeyote kukikalia.

Mfagizi alikifagilia kando kwa siku tatu bila kukitambua. Alikuwa akisubiri kiti cha kahawia, kikuukuu, chenye mkono mmoja uliopasuka. Siku ya nne, saa tisa na nusu, miguu ilimzidi. Alitazama huku na huku, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa.

"Wafanyakazi hawakai!" Sauti ya meneja ilitoka kwenye vipaza sauti, katikati ya kengele za wimbo. Duka zima likageuka kumtazama.

Akaruka, fagio likamponyoka, likaingia chini ya kiti. Ikabidi apige magoti alitafute. Na alipoinua macho akiwa chini pale, aliona majina. Yalikuwa yamepakwa rangi ya dhahabu pamoja na mbao, lakini patasi huwa haisahauliki. Jina la juu kabisa lilikuwa la baba mkwe wake. La mwisho lilikuwa la Fundi Saa. Baada ya hapo palikuwa na nafasi tupu, laini, upana wa kiganja. Aliigusa. Kisha akaangalia mkono wa kiti uliokuwa umepasuka, akaona jinsi ulivyounganishwa, kwa vijiti vya mbao bila msumari hata mmoja, na akajua kazi ile imefanywa na nani.

Jioni alimkuta mumewe, fundi seremala, yuko mezani na mama yake wanakula. Hakusalimu. Alichukua mkono wa mumewe, akaugeuzia kwenye taa, akatazama kucha zenye mabaki ya rangi ya dhahabu.

"Kile kitanda cha tajiri ulichosema unakipaka rangi kimekwisha?"

"Kimekwisha."

"Amekipenda?"

"Sana."

"Huwa analalaje? Maana leo nimekiona. Kina mgongo mrefu, na chini kimechongwa jina la baba yako."

Mama mkwe aliacha kutafuna.

"Mama watoto..." fundi alianza.

"Usinipambie."

"Walikileta kimefunikwa turubai. Nilipofunua, nikakijua. Nilitaka kukataa. Lakini nikawaza, nikikataa watampa fundi mwingine akipigilie misumari. Nikakihurumia."

"Na ulilipwa?" aliuliza mama yake.

Fundi alitazama sahani. "Nililipwa."

"Huruma ya malipo," alisema mama mkwe. "Hiyo sijawahi kuipima."

Kikulacho ki nguoni mwako, na kumbe kinaweza pia kuwa kwenye kucha. Mfagizi alikaa, akavua viatu, akasema kwa sauti ya chini, "Unajua ninavyokitaka kile kiti. Wiki tatu umekula nami, umenyamaza. Umeniumiza sana."

*

Kesho yake mfagizi alikwenda kuomba ruhusa. Ukumbi haukuwapo, lakini watu wa vishamba walikuwa wanasema labda wapimie relini, chini ya jua, mradi siku isipite. Na sheria ya Mavuno ilikuwa moja tu isiyopindika: mwenye boga huliweka mizanini kwa mikono yake mwenyewe. Asipokuwepo, boga ni mboga.

"Jumamosi ya mwisho?" alisema meneja. "Siku Baba Krismasi anaanza kazi? Mwenye duka mwenyewe anakuja saa kumi kuona. Haiwezekani."

"Saa moja tu, bwana meneja. Ni habari ya boga langu."

"Ya nini?"

Alilazimika kurudia. Meneja alicheka akajifuta macho, akawaita makeshia waje wasikie, akamwambia arudie tena. Tangu hapo vipaza sauti vikawa na tangazo jipya: "Mama Boga, Mama Boga, fika kwenye maziwa, kuna yaliyomwagika." Wateja walitabasamu. Mama mmoja alimuuliza kwa nia njema kama anauza.

Siku hiyo alipotoka kazini hakwenda nyumbani. Alikwenda relini, akasimama mbele ya Bosi na kisu. Alifikiri atalikata vipande akauze, angalau lingekuwa na faida, na aibu ingekwisha. Alikuwa analia, na kwa kuwa hapakuwa na mtu alilia vizuri.

Lakini mtu alikuwapo. Mama mkwe alikuwa ameinama nyuma ya matuta ya jirani, anapiga hesabu ya kabeji.

"Weka hicho kisu," alisema. "Leo mwezi umefika tarehe ngapi?"

"Kumi na tano."

"Tuna siku kumi na moja. Jumamosi hiyo wewe uko zamu?"

"Niko zamu. Si ndiyo nalia."

"Na kiti kiko wapi?"

"Kiko dukani, Mama."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Dukani."

"Basi mambo mawili yako dukani tayari," alisema mama mkwe. "Yamebaki boga na mizani. Futa machozi, mwanangu. Yule kijana alitualika mwenyewe. Ukoo mzima."

*

Jumamosi saa nane mchana, foleni ya watoto ilikuwa imezunguka rafu za biskuti. Juu ya kiti cha dhahabu alikaa Baba Krismasi, mwenye ndevu za pamba na tumbo ambalo halikuhitaji mto. Alikuwa Fundi Saa. Meneja alimchagua kwa ajili ya tumbo, naye alikubali kwa moyo mweupe, akidhani Mavuno ya mwaka ule yamekufa na kwamba mtu akikikalia kiti chake mwaka wa nne mfululizo si dhambi. Alipomwona mfagizi akipita alimwonea haya kidogo, akavuta ndevu juu.

Meneja alikuwa juu ofisini, anazungumza kwenye simu na mwenye duka. Ndipo mlango ukafunguka.

Walikuja wa vishamba wote. Walikuja na vikapu, na ndoo, na majani ya kabeji yakining'inia kwenye mabega. Mbele yao fundi seremala alisukuma mkokoteni, na kwenye mkokoteni, amefunikwa blanketi la watoto, amekaa Bosi.

Ghorofa alikuwa ameagizwa asiruhusu mizigo kutoka nje. Alimtazama fundi, akatazama blanketi.

"Hii ni mizigo?" alijiuliza kwa sauti. "Hapana. Haya ni mavuno." Akainama chini ya meza yake ya ukaguzi, akatoa kabeji lake mwenyewe, lililokuwa limefichwa pale tangu asubuhi, akafuatana nao.

Mama mkwe aliweka mizani chini mbele ya jukwaa, akalinganisha, akajifunga miwani kwa kamba. Nyanya zilipimwa. Makabeji yakapimwa, la Ghorofa likawa la pili, akafurahi kama la kwanza. Watoto waliacha foleni wakaja kuzunguka. Wazazi wakafuata watoto, wakifikiri ni sehemu ya sherehe, na mmoja akasema kwa kweli duka hili safari hii limejitahidi.

"Maboga!" alitangaza mama mkwe.

Mke wa Fundi Saa alisogeza la kwao. Baba Krismasi alikurupuka kitini. "Mke wangu, umelileta?"

"Niliambiwa kuna Mavuno. Wewe ulitaka nilipike?"

Ikabidi ashuke jukwaani na joho lake jekundu, alibebe boga lake mwenyewe, aliweke. Kilo ishirini na nne. Akapanda tena, akakaa, akatulia.

"Mwingine?"

Mfagizi aliegemeza fagio kwenye mti wa plastiki. Mumewe alinyoosha mikono amsaidie, mama yake akamchapa kidole. "Usiguse." Mfagizi aliinama, akamkumbatia Bosi, akainuka naye. Mishipa ilimtoka shingoni. Hatua nne kutoka kwenye mkokoteni mpaka kwenye mizani, na duka zima, hata makeshia, walizihesabu kimoyomoyo.

Mama mkwe aliongeza jiwe. Akaongeza jingine. Akaondoa, akaweka dogo.

"Ishirini na sita na robo."

Kelele zilizolipuka zilizima wimbo wa kengele. Fundi Saa aliichungulia mizani. Kisha akainuka, akavua kofia nyekundu kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu, akashuka ngazi.

"Mama! Baba Krismasi ameshindwa!" mtoto mmoja alipiga yowe.

Hapo ndipo meneja aliposhuka mbio kutoka ofisini.

"Nini hiki? Wewe, rudi ukae!"

"Siwezi, bosi," alisema Fundi Saa. "Nimepitwa kilo mbili na robo."

"Nimekulipa ukae!"

"Basi nitarudisha nusu ya siku. Sheria ni sheria. Mimi mwenyewe nimekaa miaka mitatu kwa sheria hiyohiyo."

"Sheria gani?"

Mama mkwe alifungua mkoba, akakunjua karatasi mara nne, akaweka kidole kwenye mstari wa chini. "Mwandiko huu ni wa nani, mwanangu?"

Meneja aliusoma mwandiko wake. Alipoinua macho, mfagizi alikuwa anapanda jukwaani. Alivua viatu kwanza, akaviweka sambamba pembeni. Akageuka, akakaa.

Hakujua afanye nini na mikono. Aliiweka kwenye magoti, akaitoa, mwishowe akaiweka pale ambapo kiti chenyewe kilitaka iwe. Kisha akaegemea. Mgongo wake ulipogusa mbao za baba mkwe wake alitoa pumzi ndefu, na machozi yakamlengalenga mbele za watu, hakuyaficha.

"Mama Boga," alisema meneja, polepole, "shuka. Chukua fagio. Theluji imejaa mpaka mlangoni."

"Leo situmwi," alisema mfagizi.

"Ukikaa hapo dakika moja zaidi, Jumatatu usije."

Mfagizi alifikiria ada ya watoto walioko bweni. Alifikiria kodi ya nyumba, ambayo haijui mavuno wala Krismasi. Miguu yake ikaanza yenyewe kutafuta viatu. Akamtazama mumewe.

Fundi seremala alikuwa tayari amepiga magoti. Alitoa patasi mfuko wa nyuma na nyundo mfuko wa mbele, akalala chali kwenye ile theluji ya pamba, akajisukuma mpaka kichwa kikaingia chini ya kiti.

"Kaa, mke wangu," sauti yake ilitoka huko chini. "Ukiinuka nitakosea herufi."

"Wewe unafanya nini huko?" meneja alifoka.

"Namalizia kazi uliyonipa, bosi. Rangi ilikuwa imefunika nafasi."

Vipande vya dhahabu vikaanza kudondoka. Chini yake mbao ilikuwa ileile ya kahawia.

Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye miwani ya jua, alifika saa tisa na nusu badala ya saa kumi, kama wenye maduka wanavyopenda kufanya. Alikuta Bosi anapasuliwa kwa msumeno na kila mtu anapewa kipande cha kupeleka nyumbani, kama ilivyo desturi yao. Alikuta foleni imefika barabarani. Alikuta makeshia hawapumui, maana watu waliokuja kutazama walikuwa wananunua, na Baba Krismasi anapiga picha na watoto akiwa ameshika mizani.

"Septemba nzima hapa palikuwa pakavu," alisema. "Nani amefikiria jambo hili?"

Mama mkwe alikunja karatasi yake, akamtazama meneja. Fundi Saa alimtazama meneja. Hata chini ya kiti nyundo ilisimama. Yule kijana alinyoosha suti yake.

"Ni wazo langu, mama," alisema.

"Hongera. Na huyu aliyekaa?"

"Huyu ni... mshindi."

"Anapendeza, ana sura ya mtu aliyepumzika. Jumamosi ijayo naye awepo hapohapo." Mwenye duka akatazama chini. "Lakini mbona sakafu ni chafu hivi? Pamba, mbegu, vumbi! Watu watateleza. Mfagizi wako yuko wapi?"

Macho yote yalielekea kitini, kisha kwa adabu yakaelekea darini.

"Mfagizi... ana udhuru leo, mama."

"Basi fagia wewe. Unasubiri nani?"

Meneja alivua koti la suti. Alichukua fagio kwenye mti wa plastiki na kuanza. Alifagia kama mtu ambaye hajawahi: alilisukuma mbele badala ya kulivuta, na vumbi la kumetameta likampanda mpaka kwenye nyusi. Mfagizi alivumilia kadiri alivyoweza. Nje jua lilikuwa bado juu ya mapaa, na chini yake alisikia patasi ya mumewe ikimaliza herufi ya mwisho.

"Bwana meneja," aliita.

"Nini tena?"

Aliinua mguu wake uliovimba, ukiwa peku, akaonyesha kwa kidole gumba chini ya mti wa plastiki.

"Mbegu moja imebaki pale."

"Nimeiona."

"Usiitupe," alisema. "Niletee."

Meneja alitazama mlangoni, ambako mwenye duka alikuwa anapiga picha kabeji la Ghorofa. Kisha akainama.